Fremu ya mlango isimamishwe na seremala, tena baada ya lipu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nizungumzie kazi moja ndogo ya ujenzi ambayo inawagharimu wananchi wengi fedha zisizo na sababu, nayo ni kusimamisha fremu za mbao za milango katika nyumba za kuishi. Mimi ni seremala hapa Tanga. Wengi wa wateja wanaofika karakana yetu wakati wa masika hawaji kuagiza mlango mpya. Wanakuja kueleza kwamba mlango uliofungwa mwaka uliopita sasa unakwaruza sakafu, au umeacha mwanya mpana upande wa kitasa, au ukiachwa wazi hujirudisha wenyewe hadi ukutani. Ninapokwenda kutazama, mara nyingi naukuta mlango wenyewe umenyooka vizuri na bawaba zake ni nzima. Kilichopinda ni fremu, na fremu hiyo ilipotoka karakana ilikuwa imenyooka pia. Iliharibika siku iliposimamishwa, au katika miezi iliyofuata, kwa sababu ya wakati na namna iliyosimamishwa.

Naamini chanzo kikuu cha hali hii ni kwamba kazi ya kusimamisha fremu haina mwenyewe. Seremala huunganisha fremu karakana, huipakia kwenye guta, huishusha kwenye eneo la ujenzi, na hapo hesabu yake na mwenye nyumba huwa imekwisha. Mwashi huikuta imeegemezwa ukutani, huiingiza katika nafasi aliyoiacha, huikaza kwa saruji na kuendelea na ukuta wake. Miezi mingi baadaye anaitwa seremala wa pili kuja kufunga milango, naye analazimika kuukata na kuuranda mlango ulio sahihi ili ulingane na fremu isiyo sahihi. Mwenye nyumba akiuliza, mwashi husema fremu ililetwa ikiwa imepinda, seremala wa kwanza husema iliharibiwa na mwashi, na seremala wa pili husema kwamba yeye amekuta mambo yakiwa hivyo. Kila mmoja ana sehemu yake ya ukweli, na mwenye nyumba hana pa kudai.

Simlaumu mwashi kwa kukosa ustadi, kwa kuwa ustadi wake ni wa aina nyingine. Ukuta wa matofali ukienda nje kwa sentimeta moja kutoka chini hadi kwenye linta, yaani boriti ya zege inayopita juu ya mlango, haumsumbui mtu, maana lipu itakuja kuifuta tofauti hiyo na jicho halitaiona. Mlango hauna lipu ya kuusitiri. Mwanya unaotakiwa kati ya mlango na mwimo, yaani nguzo ya fremu ya upande mmoja, ni milimita 3 hivi kila upande. Mwimo mmoja ukiegemea ndani kwa sentimeta moja katika kimo cha mita mbili, mwanya huo unakuwa umekwisha kabla ya kufika katikati ya mlango. Fundi aliyezoea kuhesabu kwa sentimeta anapewa kazi inayohesabiwa kwa milimita, tena anaifanya kati ya kazi nyingine mbili zinazomharakisha, huku amelipwa kwa tofali na wala si kwa fremu.

Tazama jinsi kazi yenyewe inavyofanyika katika nyumba nyingi. Misumari mikubwa hupigiliwa mgongoni mwa miimo ili ichomoze, matofali ya pembeni mwa nafasi huchimbwa mashimo, fremu huingizwa na kuegemezwa kwa ubao mmoja, kisha mashimo hujazwa mchanganyiko wa saruji unaosukumwa kwa nguvu kwa mwiko na kwa vipande vya tofali. Nguvu hiyo ya kusukuma huutia mwimo tumbo kwa ndani palepale saruji ilipojazwa, na kwa kuwa hapakuwekwa ubao wa kutanua katikati ya miimo miwili, hakuna kinachouzuia. Kesho yake ubao wa kuegemeza huondolewa kwa sababu unahitajika kwenye chumba kingine, ilhali saruji bado haijashika sawasawa, na mafundi wanapitisha matoroli na ndoo hapohapo. Toroli likigonga mwimo mara moja katika hali hiyo, fremu haitarudi tena mahali pake.

Liko jambo baya zaidi, nalo ni kuitumia fremu kama kiunzi cha kumwagia linta. Mwashi akisimamisha fremu mapema, huona ni kuokoa mbao kuweka ubao wa chini wa linta juu ya kichwa cha fremu na kumwaga zege juu yake. Zege bichi lina uzito wa karibu kilo 2,400 kwa mita moja ya ujazo. Linta ya urefu wa mita 1.2, yenye upana na kina cha sentimeta 15, ina uzito wa kilo 65 hivi, na sehemu kubwa ya uzito huo hukalia kichwa cha fremu kwa siku kadhaa hadi zege lijishike lenyewe. Kichwa hulegea katikati, ndimi zilizounganisha kichwa na miimo hufunguka kidogo, na baadaye mlango hukataa kufungwa kwa kukwama juu. Kati ya linta na fremu panapaswa kuwa na nafasi ya milimita 10 hivi, ili ukuta ubebwe na linta na fremu isibebe chochote isipokuwa mlango wake.

Wengi wetu hujenga kidogo kidogo, kadiri fedha zinavyopatikana, na hili haliepukiki. Boma hufika usawa wa linta mwaka huu, likapauliwa miaka miwili baadaye, likapigwa lipu baada ya hapo. Fremu zikisimamishwa wakati wa boma, zitanyeshewa na masika ya Machi hadi Mei, zitapigwa na jua la Januari, zitanyeshewa tena na vuli, na mzunguko huo utarudiwa kabla ya bati la kwanza kupanda. Hakuna mti unaostahimili hilo bila kujikunja, hata ule ulio mgumu. Ninazo fremu nilizoombwa kuzitazama ambazo viungo vyake vimeachana kwa upana wa kidole cha mwisho ilhali nyumba haijawahi kulaliwa usiku mmoja.

Naelewa kwa nini watu hufanya hivyo. Mtu akipata fedha hununua fremu mapema kwa sababu bei ya mbao hupanda, na fremu iliyokwisha kukazwa ukutani si rahisi kuibwa. Lakini fremu iliyonunuliwa mapema yaweza kuhifadhiwa. Ilazwe bapa juu ya vipande vya mbao vilivyo sawa kimo, isiguse ardhi, iwe chini ya paa, na upepo upite kati ya fremu na fremu. Isiegemezwe ukutani kwa miezi, kwa kuwa ubao ulioegemezwa huchukua umbo la kuegemea kwake.

Hapa naomba wasomaji wanivumilie nieleze kidogo juu ya maji yaliyomo katika mbao, maana ndiko kunakotoka nusu ya matatizo haya. Mti uliokatwa karibuni hubeba maji ya aina mbili: yaliyojaa katika matundu madogo ya ndani, na yaliyofyonzwa na kuta za matundu hayo. Yale ya kwanza yanapoondoka, ubao unakuwa mwepesi lakini haubadiliki vipimo. Unyevu unaposhuka chini ya asilimia 30 hivi, zile kuta zenyewe huanza kukauka, na hapo ubao huanza kusinyaa. Hausinyai sawasawa. Kwa urefu hausinyai kwa kiasi cha kuhesabika. Kwa upana hutegemea jinsi gogo lilivyopasuliwa, kwa kuwa kusinyaa kwa kufuata duara la pete za mti ni karibu maradufu ya kusinyaa kutoka kiini kwenda kwenye gome. Tofauti hiyo ndiyo inayoufanya ubao ujikunje na kujipinda. Hata msaji, ambao ni miongoni mwa miti iliyotulia kuliko mingi, ubao wake wa inchi 6 uliopasuliwa bapa waweza kupungua milimita 4 hivi kutoka ubichi hadi ukavu unaofaa kwa nyumba. Msindano (paina) mchanga, hasa ubao uliobeba kiini cha mti ndani yake, hufanya vibaya zaidi, kwani hujisokota toka mwanzo hadi mwisho wa ubao, na hakuna msumari utakaouzuia.

Fremu inapaswa kuunganishwa kwa mbao zenye unyevu wa asilimia 12 hadi 15, na katika mwambao wetu wenye hewa ya bahari ni vigumu kushuka chini ya hapo kwa kukausha kwa upepo. Muuzaji atakuambia kwamba mbao zake ni kavu kwa sababu zimekaa juani wiki mbili. Jua hukausha ngozi ya ubao tu. Mwenye nyumba anayetaka kujua ukweli hahitaji chombo cha gharama: akate kipande kutoka katikati ya ubao, asikate nchani kwa sababu nchani hukauka kwanza, akipime kwenye mizani ndogo ya jikoni, akiweke katika oveni ya joto linalozidi kidogo nyuzi 100 hadi uzito wake uache kupungua, kisha akipime tena. Uzito uliopotea ugawanywe kwa uzito wa kipande kikavu. Kipande cha gramu 500 kikibaki na gramu 400, unyevu wake ulikuwa asilimia 25, na fremu itakayotengenezwa kwa mbao hizo itabadilika ikiwa ukutani.

Ubao wa inchi mbili, ukipangwa kwa vijiti vya kutenganisha chini ya paa lenye kupitisha upepo, huhitaji miezi mingi kukauka hadi ndani. Najua kwamba karakana nyingi hazina nafasi wala mtaji wa kuweka mbao muda wote huo, na hii ndiyo sababu nasema mteja awe tayari kuagiza fremu mapema na kumlipa seremala sehemu ya fedha ya kununulia mbao wakati msingi unachimbwa. Muda ambao nyumba inapanda ndio muda wa mbao kukauka, na haumgharimu mtu chochote.

Kuhusu aina ya mti sitasema mengi. Mninga na mkongo husinyaa kidogo, na kiini chake hakipendwi na mchwa. Mvule ni mti wa kuaminika. Msaji wa mashamba kama Longuza, wilayani Muheza, unafaa ukiwa umekomaa. Jambo moja tu nasisitiza. Katika miti hii yote sifa ya kuukataa mchwa imo katika kiini chenye rangi, na haimo katika ubao mweupe wa nje. Mteja anayelipa bei ya mninga kisha akapokea mwimo ambao theluthi yake ni nyeupe, amelipia kiini na kupewa chakula cha wadudu. Anayetumia msindano atafute uliotiwa dawa kwa shinikizo kiwandani, na vipande vinavyobaki visiwe kuni za kupikia kamwe, kwa sababu dawa inayotumika sana huwa na aseniki na moshi wake ni sumu.

Sehemu ya fremu inayokufa kwanza ni miguu yake. Fremu za siku hizi zina pande tatu: miimo miwili na kichwa. Kizingiti cha chini kimeondolewa kwa sababu kila mtu anataka vigae vipite kutoka chumba hadi chumba bila kujikwaa, na sina ugomvi na hilo. Lakini miguu ya miimo imebaki bila kinachoishika wala kinachoilinda. Mwashi huisimamisha moja kwa moja juu ya jamvi, yaani zege ghafi la sakafu, wakati mwingine huichimbia ndani ya jamvi kwa inchi moja au mbili akiamini kwamba anaiimarisha, kisha sakafu na vigae hujengwa kuizunguka. Mwimo hunyonya maji kwa ncha yake kwa kasi iliyo kubwa mno kuliko kwa ubavu, kwa sababu ile mishipa iliyokuwa ikipandisha maji mti ulipokuwa hai imekatwa na kuachwa wazi hapohapo. Kila nyumba inapodekiwa, maji huingia kwenye mwanya kati ya kigae na mwimo na kupanda. Mlango wa bafu na wa jikoni huanza kuoza kutoka chini, na mchwa wanaopita chini ya jamvi hupata mlango wao wenyewe, wakapanda ndani ya mwimo nyuma ya lipu bila kuonekana hadi siku ambayo kidole kinazama kwenye rangi.

Dawa inayopendwa ni kupaka oili chafu ya gari mgongoni mwa fremu. Naomba tuiache. Oili hiyo hukaa juu juu bila kuzama kwenye ubao, hubeba mabaki ya madini yanayodhuru, huchafua mikono ya fundi na lipu ya mwenye nyumba kwa madoa yanayorudi kila mara, na huzuia rangi kushika. Kinachofaa ni kupaka dawa ya mbao iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na zaidi ya yote kuzamisha ncha za miimo katika dawa hiyo kwa saa kadhaa kabla ya kusimamisha, kwa kuwa ncha ileile inayonyonya maji ndiyo itakayonyonya dawa. Kisha mgongo na ncha vipakwe rangi ya awali, na chini ya kila mguu kiwekwe kipande cha karatasi nzito ya nailoni. Katika milango ya bafu, mguu ukatwe uishie milimita 5 juu ya kigae, na mwanya huo ujazwe kwa gundi ya silikoni.

Wapo watakaonijibu kwamba wazee wetu wa Unguja na Lamu walisimamisha mlango kwanza, kisha wakaujengea nyumba, na milango yao ipo hadi leo. Ni kweli kwamba inasimuliwa hivyo, na milango hiyo naiheshimu kuliko kazi yoyote ya useremala niliyopata kuiona. Lakini tuiangalie ilivyo. Miimo yake ni minene, imechongwa kwa mbao zilizokomaa na kukauka, na imefungwa pande zote nne, kwa kuwa chini kipo kizingiti kizito ambacho mtu hulazimika kukivuka kwa kuinua mguu. Fremu yenye pande nne haiwezi kutanuka wala kubana miguuni. Zaidi ya hayo, mlango haukuning'inia kwa bawaba za skrubu; ulizungukia ncha zilizoingia katika matundu ya juu na ya chini, hivyo uzito wake ulishuka kwenye kizingiti bila kuuvuta mwimo. Tukiondoa kizingiti, tukapunguza unene, tukatumia mbao mbichi na kuning'iniza uzito wote kwenye mwimo mmoja, hatuwezi tena kudai kwamba tunafuata desturi yao.

Ninalopendekeza ni kwamba fremu isimamishwe na seremala mwenyewe, baada ya nyumba kupauliwa na kuta kupigwa lipu na kukauka, na kabla ya vigae. Mwashi asiachiwe kubahatisha nafasi. Seremala ampe kiunzi cha muda cha mbao za bei nafuu, chenye vipimo vya nje vya fremu pamoja na nyongeza ya kuachia nafasi, kilichokazwa kwa mbao za mshazari kona kwa kona. Mwashi ajenge kando yake na kupigia lipu kingo zake, akitoe, akihamishie mlango unaofuata. Kiunzi kimoja hutosha vyumba vyote vyenye mlango wa kipimo kimoja, na kikigongwa na toroli hakuna hasara. Kwa njia hii kila fundi anabaki katika kazi anayoijua, na fremu yenyewe inaingia katika nyumba iliyokwisha kumaliza kutoa maji yake. Maana lipu mbichi ya nyumba nzima hutoa maji mengi hewani, na mbao kavu iliyoko ndani huyanywa.

Kabla ya fremu ya kwanza kuingia, seremala apige mstari wa mita moja juu ya usawa wa sakafu iliyokamilika, yaani juu ya vigae vitakavyowekwa baadaye, na auzungushe nyumba nzima kwa mpira wa maji. Kila fremu ipimwe kutoka mstari huo. Fundi anayepima kutoka kwenye jamvi ghafi, ambalo limeinuka hapa na kushuka pale, ndiye anayesababisha mlango mmoja kukatwa chini sentimeta mbili na mwingine kuacha nafasi ya panya.

Fremu iingie ikiwa na ubao wa kutanua miguuni, wenye urefu sawasawa na nafasi iliyopo kati ya miimo chini ya kichwa, na mwingine katikati. Ipimwe kona kwa kona, na vipimo viwili hivyo viwe sawa. Mwimo wa bawaba usimamishwe kwanza. Upimwe kwa timazi, yaani uzi wenye kizito nchani, pande mbili, usoni na ubavuni, na hapa nasisitiza timazi kwa sababu pima maji fupi likiwekwa juu ya ubao wenye tumbo husema kweli ya pale lilipo tu, wakati uzi wa timazi hauna tumbo. Mwimo wa bawaba ukiegemea mbele au nyuma, mlango utajifungua au kujifunga wenyewe. Nyuma ya kila mahali pa skrubu ziingizwe kabari mbili zinazokutana kutoka pande mbili za ukuta, zikazwe kwa mkono hadi mwimo ukae kwenye timazi, ndipo keekee ipitishwe kwenye mwimo na kabari hadi ukutani, na skrubu ndefu ikazwe ndani ya kishikizo chake. Skrubu tatu kila upande ni za chini kabisa, na mlango mzito uongezewe ya nne. Ambapo matofali yana matundu, mwashi awe ameyajaza zege katika sehemu hizo wakati wa kujenga, na hili ni jambo la kumwambia mapema.

Kipo kipimo kimoja ambacho nimeona hata mafundi wazuri wakikisahau. Fremu yaweza kuwa na kona sawa, na kila mwimo ukawa kwenye timazi ubavuni, lakini mwimo mmoja ukawa umetangulia mbele ya mwenzake kwa juu tu. Mlango utagusa juu upande wa kitasa na kuachia chini, na hakuna randa itakayoponya. Nyoosha nyuzi mbili usoni mwa fremu, kila moja kutoka kona ya juu hadi kona ya chini ya upande wa pili. Zikigusana kidogo tu katikati, fremu iko bapa, na zikiachana au zikisukumana, imejisokota na inahitaji kurekebishwa kabla ya skrubu ya mwisho.

Mwanya kati ya fremu na lipu hujazwa mwishoni, bila kusukumwa kwa nguvu, na hufunikwa kwa ubao mwembamba wa urembo pande zote mbili. Fremu ikae sambamba na uso wa lipu upande ambao mlango hufungukia, la sivyo mlango utagonga ukingo wa ukuta kabla haujafunguka wote.

Gharama ya kazi hii naijua, kwa kuwa ndiyo niwatozayo wateja. Ni zaidi ya ile ya kumwachia mwashi afanye bure katikati ya kazi nyingine. Lakini mwenye nyumba aliyelipa mara ya pili kung'oa fremu, kubomoa lipu na kuvunja vigae viwili au vitatu kila mlangoni amekwisha kulipa mara kadhaa ya tofauti hiyo, na bado ukuta wake una kiraka.

Naomba VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ambayo inafundisha uashi na useremala kama fani mbili, iweke zoezi moja la pamoja ambapo wanafunzi wa uashi wanajenga nafasi ya mlango na wanafunzi wa useremala wanasimamisha fremu ndani yake, kisha wote wawili wanapimwa kwa mlango mmoja unaofungwa na kufunguliwa. Mwashi kijana aliyewahi kuona milimita 5 zake zikimtesa mwenzake ataacha nafasi sahihi maisha yake yote. Naomba pia wenye nyumba waandike katika makubaliano, hata yawe ya karatasi ya daftari, jina la fundi atakayesimamisha fremu na atakayewajibika ikiwa mlango utagoma kufungwa ndani ya mwaka mmoja.

Kwa msomaji ambaye boma lake linakaribia linta hivi sasa na anataka kufuata njia hii, vipimo vya mlango wa sentimeta 90 kwa mita 2.1, wenye fremu ya mbao za inchi mbili zilizorandwa, ni hivi: nafasi ya ukutani iwe na upana wa mita 1, au mita 1.03 ikiwa kingo zake zitapigwa lipu, na uso wa chini wa linta uwe mita 2.22 juu ya jamvi ghafi ikiwa sakafu na vigae vitachukua sentimeta 6. Vikichukua zaidi, linta ipandishwe kwa kiasi hichohicho. Ukuta wa tofali la inchi 6 wenye lipu ya sentimeta moja na nusu kila upande unafikia unene wa sentimeta 18, kwa hiyo mbao za fremu ziagizwe zenye upana wa kutosha kurandwa hadi kipimo hicho, na ziagizwe leo ili zianze kukauka.

Wako,
Seremala,
Tanga